Kabla Hujatoa Pesa: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vipodozi Visivyodhuru Mwili, Watu Wala Ziwa

Mafuta unayojipaka asubuhi pale Kondele, Kisumu, yanaoshwa jioni. Povu linaingia kwenye bomba, kwenye mtaro au kwenye shimo. Majitaka mengine hupitia mitambo ya Kisat au mabwawa ya Nyalenda, lakini katika mitaa isiyo na mabomba yanafuata mfereji hadi Mto Auji, kisha Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria. Hilo ndilo ziwa tunalovua ngege na omena, na ndilo linalotoa maji yanayovutwa Dunga, yakasafishwa na kurudi kwenye mabomba yetu ya nyumbani. Aliye Eldoret asidhani yuko mbali: maji ya Sosiani huishia Nzoia, na Nzoia huishia ziwani. Nakuru mambo ni makali zaidi, maana Ziwa Nakuru halina mto wa kutolea maji. Kinachoingia humo kinabaki humo.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba kipodozi kinachojali mazingira kinatambulika kwa jani la kijani kwenye chupa, wala kwa chupa yenyewe. Miongozo mingi huanza na chombo: glasi au plastiki. Huku kwetu naanza na kilichomo ndani, kwa sababu ndicho kinachokwenda majini. Nikimaliza hapo nauliza kimetoka wapi na nani alifanya kazi. Chombo ni cha mwisho. Fuata hatua hizi kwa mpangilio huo na utaokoa pesa pia.

Hatua ya 1: Weka mezani ulivyo navyo

Kusanya kila chupa, kopo, tyubu na sacheti kutoka bafuni, chumbani na kwenye mkoba, kisha gawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vyenye lebo kamili ambavyo bado unavitumia. Vimalize, hata kama si vya kujivunia. Kutupa losheni iliyobaki nusu ili ununue nyingine ya kimazingira ni kuongeza taka na kulipa mara mbili.

Fungu la pili ni vilivyopitwa na wakati. Angalia tarehe, na utafute mchoro mdogo wa kopo lililofunuliwa lenye maandishi kama 6M, 12M au 24M. Hiyo ni miezi ambayo kipodozi kinaweza kutumika tangu siku ulipokifungua. Wanja na maskara ya zamani usiyaonee huruma, yanakaa karibu na jicho.

Fungu la tatu ni vya kujichubua, vya kupimiwa visivyo na jina, na chochote kisicho na orodha ya viambato. Hivi vina hatua yake.

Hatua ya 2: Ondoa zebaki, haidrokwinoni na steroidi

Hapa nitakaa, kwa sababu hakuna maana ya kununua sabuni iliyofungwa kwa karatasi ya kurejelezwa ilhali kwenye kabati kuna kopo la sumu.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani rangi yake ya asili, ndiyo maana anayeipaka huonekana kung'aa baada ya muda mfupi. Lakini inapenya ngozi, inaharibu figo, na kwa mama mjamzito inaweza kumfikia mtoto. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sabuni za kuchubua zenye zebaki huwa na takriban asilimia 1 hadi 3 ya aidodi ya zebaki. Na sabuni kazi yake ni kuoshwa. Zebaki ikifika majini, vijidudu vilivyo kwenye tope huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hupanda kutoka kwa viumbe wadogo hadi samaki wadogo, na kutoka kwao hadi samaki wakubwa, ikijilimbikiza zaidi kila hatua. Njia hiyo ndiyo iliyowaumiza wakazi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kule chanzo kilikuwa kiwanda, si sabuni, ila safari ya sumu kutoka majini hadi sahanini ni ileile. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulianza kutumika mwaka 2017, na vipodozi vyenye zebaki ni miongoni mwa bidhaa unazozipiga marufuku.

Utaitambuaje? Kwenye lebo tafuta maneno mercury, mercuric, mercurous, calomel au Hg. Mara nyingi hutayakuta, kwa sababu anayeuza sumu haiandiki. Ila kuna dokezo moja ambalo wengi hawalijui: soma maelekezo ya matumizi. Ukikuta unaonywa usiache krimu iguse dhahabu, fedha, alumini au mpira, irudishe. Zebaki hushikana na madini hayo na kuyaharibu. Krimu ya kawaida haina ugomvi na pete yako.

Haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, hairuhusiwi kwenye vipodozi hapa Kenya. Ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kibuluu mashavuni ambao ni vigumu sana kuuondoa, yaani kinyume kabisa cha alichokitaka mtu. Steroidi kama clobetasol na betamethasone ni dawa halali, lakini ni za kuandikiwa na daktari kwa ugonjwa maalumu na kwa muda maalumu. Zikigeuzwa kuwa mafuta ya kila siku hufanya ngozi iwe nyembamba, huacha michirizi, huleta chunusi.

Halafu kuna mkorogo. Mwuzaji ana beseni, mwiko mdogo na tyubu zilizokamuliwa hadi zikawa bapa. Anakamua hii, anamimina ile, anakoroga mpaka rangi inakuwa moja, kisha anajaza kikopo cheupe kisicho na karatasi yoyote. "Kastoma wangu, hii ni ya kutoa madoa tu, haichubui." Usibishane naye. Mwombe kwa upole akuonyeshe tyubu alizotumia, uzisome moja moja. Ukiona hydroquinone, clobetasol, betamethasone au fluocinonide, mshukuru na uende zako. Akikataa kuzionyesha, umeshapata jibu.

Ukiwa umetumia krimu ya steroidi kwa muda mrefu, usiiache ghafla bila kumwona daktari, kwani ngozi inaweza kuwaka, ikawasha na kuwa nyekundu hadi ukajikuta unairudia. Nenda kliniki ya ngozi na ubebe kopo lenyewe. Hakuna aibu. Madaktari wameona wengi.

Na hilo kopo usilimwage kwenye sinki wala chooni, wala usilichome pamoja na taka. Zebaki ikipata moto inakuwa mvuke na mnaivuta nyumba nzima. Lifunge vizuri, litie ndani ya chombo kingine kinachofunga, liweke mbali na watoto, kisha uulize ofisi ya mazingira ya kaunti mahali pa kulipeleka.

Hatua ya 3: Hakiki alama ya KEBS

Kipodozi kilichotengenezwa nchini kinatakiwa kuwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pamoja na namba ya kibali chini yake. Alama ni rahisi kuchapisha, hivyo usiishie kuitazama. Tuma ujumbe wa simu wenye herufi SM, alama ya # na namba ya kibali kwenda 20023, usubiri jibu. Litakwambia bidhaa ni ipi na ya kampuni gani. Jina likitofautiana na lile lililo kwenye chupa, iache. Bidhaa za kutoka nje zinatakiwa kuwa na stika yake ya uagizaji, nayo huhakikiwa kwa namba hiyohiyo.

Fahamu mipaka ya alama hii. Inazungumzia usalama na ubora. Haisemi lolote kuhusu msitu, mnyama au mtoto aliyechimba madini. Hayo ni juu yako.

Hatua ya 4: Soma nyuma ya chupa, achana na mbele

Mbele ya chupa ni tangazo. "Natural", "pure", "herbal", "eco": maneno haya hayana kipimo, na mtu yeyote anaweza kuyaandika. Hata "bila kemikali" ni maneno matupu, maana maji yenyewe ni kemikali.

Geuza. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Chukua losheni moja ya kawaida ambayo mbele imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya shea. Nyuma unasoma: Aqua, Paraffinum Liquidum, Glycerin, Cetearyl Alcohol, Phenoxyethanol, Parfum, Butyrospermum Parkii Butter, CI 19140. Tuisome pamoja. Aqua ni maji, na ndiyo mengi kuliko vyote. Paraffinum Liquidum ni mafuta ya petroli yaliyosafishwa. Hayakudhuru ngozi, lakini yametoka kisimani na hayahusiani na mti wowote. Glycerin huvuta unyevu. Cetearyl Alcohol si pombe ya kukausha, ni nta laini ya kuifanya losheni iwe nzito. Sasa angalia Phenoxyethanol. Hiki ni kihifadhi, na kanuni za Ulaya, ambazo watengenezaji wengi huzifuata, hazikiruhusu kuzidi asilimia 1. Basi chochote kilichoandikwa baada yake nacho ni asilimia 1 au chini ya hapo. Shea, ambayo ndiyo jina la bidhaa na ndiyo uliyolipia, imewekwa baada ya kihifadhi na baada ya manukato. Hiyo ni losheni ya maji na parafini iliyorushiwa shea kidogo. Ukiijua mbinu hii moja, matangazo mengi yanaishiwa nguvu.

Kwa ajili ya ziwa, nakagua mambo matatu zaidi. La kwanza ni polyethylene au polypropylene kwenye vya kusugulia uso na mwili. Hizo ni punje za plastiki, ndogo mno kiasi kwamba mitambo ya majitaka haiwezi kuzishika zote. Marekani ilipitisha sheria ya kuzizuia kwenye vipodozi vya kuosha mwaka 2015. Huna haja nazo hata kidogo: sukari iliyochanganywa na mafuta inasugua vizuri, na dodoki, lile tunda linalotambaa kwenye ua na kukauka likawa nyuzi, linasugua vizuri zaidi na likichakaa linaoza shambani.

La pili ni triclosan kwenye sabuni za "kuua vijidudu". Ni sumu kwa mwani na viumbe wengine wa majini. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa kwenye sabuni za kunawa za majumbani, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuthibitisha kwamba inashinda sabuni ya kawaida na maji. Sabuni ya kawaida inatosha nyumbani.

La tatu ni Parfum. Neno hili moja linaweza kuficha viambato vingi ambavyo mtengenezaji halazimiki kuvitaja. Kwa mtoto mchanga, na kwa mwenye ngozi inayowasha, chagua kisicho na manukato.

Usiogope kila jina refu. Losheni yoyote yenye maji inahitaji kihifadhi, la sivyo itaota ukungu. Anayekuuzia jeli ya mshubiri "isiyo na kihifadhi" iliyokaa wiki tatu juani kwenye meza anakuuzia bakteria. Mafuta matupu yasiyo na maji, kama ya nazi au shea, ndiyo yanayoweza kukaa bila kihifadhi.

Na cha jikoni si salama kwa kuwa kimetoka jikoni. Limau usoni, kisha jua la Kisumu, huweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Magadi ya kuokea usoni vivyo hivyo hayafai, ni makali mno.

Hatua ya 5: Uliza kilikotoka

Wanyama kwanza, kwa sababu hapa jibu ni rahisi. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwezi Machi 2013. Kwa bidhaa za nje, alama ya kuaminika zaidi ni ya sungura anayeruka, Leaping Bunny, kwa sababu inawahusu hata wanaoiuzia kampuni viambato. Baadhi ya sungura wengine wanaochorwa kwenye chupa ni mapambo tu. Kumbuka pia kwamba kutojaribiwa kwa wanyama si sawa na kutokuwa na kitu cha mnyama: nta ya nyuki, lanolini ya sufu na rangi nyekundu ya karmini, CI 75470, inayotokana na wadudu, zote zinaweza kuwamo. Mimi sina tatizo na nta ya nyuki kutoka kwa mfugaji wa Baringo au Kakamega. Wewe amua mpaka wako.

Watu ni suala gumu zaidi. Mng'aro wa rangi ya midomo na ya macho mara nyingi hutokana na madini ya maika, CI 77019. Sehemu kubwa ya ripoti za watoto kuchimba maika zimetoka majimbo ya Jharkhand na Bihar nchini India, na Madagaska. Kuisusia maika kabisa kunaweza kuziacha familia hizo bila chochote. Bora kutafuta kampuni inayoeleza maika yake inatoka mgodi gani, au iliyojiunga na Responsible Mica Initiative. Kampuni isiyosema neno lolote, naihesabu kuwa haijui au haitaki kujua.

Mafuta ya mawese yako karibu kila mahali: sodium palmate kwenye sabuni, palmitate kwenye krimu. Kilimo chake kimefyeka misitu mingi Indonesia na Malesia. Alama ya RSPO, ya mawese yanayolimwa kwa kujali mazingira, inapunguza madhara, haimalizi. Ukitaka njia fupi, nunua sabuni ya mafuta ya nazi, alizeti au parachichi iliyotengenezwa nchini.

Sasa vilivyo karibu nasi, ambavyo navipenda na navionea uchungu.

Shea nyingi ya dunia hutoka Afrika Magharibi, lakini jirani zetu wa kaskazini mwa Uganda wana aina yao, nilotica, ambayo Walango huiita "moo yao". Ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na inauzwa hadi upande wetu kupitia Busia na Malaba. Chukua kipande, kisugue kwenye kiganja: kiyeyuke kwa joto la mwili bila chembe za mchanga, kiwe na rangi ya malai au njano hafifu, na harufu ya kokwa, pengine ya moshi. Nyeupe kabisa isiyo na harufu si bandia, imesafishwa kiwandani tu. Kina mama ndio wanaookota na kukamua, na miti hii inakatwa kwa ajili ya makaa. Mti wa shea huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo kila debe la kokwa linalolipwa vizuri ni sababu ya kutoukata, na kumpunguzia bei mama aliyevuka mpaka na ndoo yake ni kuuza mti huo kwa mchoma makaa.

Mshubiri una sheria. Aina za porini zinazoota Baringo na Laikipia zinalindwa, na biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Aloe vera ya kupandwa ndiyo iliyoachwa nje ya orodha hiyo. Ukiuziwa bidhaa inayojisifu kwa "mshubiri wa porini", uliza kibali. Wa shambani ndio wa kununua.

Mfano mzuri kuliko yote uko Kakamega. Kikundi cha Muliru Farmers Conservation Group hulima mmea wa Ocimum kilimandscharicum kwenye mashamba yaliyo kando ya msitu, wakakamua mafuta yake na kutengeneza marhamu ya Naturub. Mwaka 2010 walitunukiwa Equator Prize. Hii ni marhamu ya mafua na maumivu, si losheni, lakini inaonyesha kitu cha kutafuta katika bidhaa yoyote: mmea umepandwa badala ya kung'olewa msituni, umesindikwa hapohapo, na pesa imebaki kwa mkulima.

Kwa watengenezaji wadogo wa mjini, andika ujumbe. Maswali manne yanatosha: Mafuta yako yanatoka wapi? Umetumia kihifadhi gani? Sabuni imekaa muda gani kabla ya kuuzwa? Naweza kurudisha chupa? Mwenye kazi safi hujibu kwa furaha, tena kwa kirefu. Anayejibu "ni asili tupu, mama, usijali" hajajibu.

Hatua ya 6: Chombo, na ununuzi wa kupima

Kupima ni desturi yetu ya zamani na ni nzuri kwa mazingira: unakwenda na chupa yako, unajaziwa, hakuna plastiki mpya. Sabuni ya maji, mafuta ya nazi, shea, vyote vinapatikana hivyo soko la Kibuye na mitaani. Udhaifu wake ni kukosa lebo. Kwa hiyo pima kitu kimoja kinachojulikana, kamwe usipime mchanganyiko. Omba uone mtungi mkubwa uliotoka kiwandani na usome lebo yake. Chupa yako iwe imeoshwa na kukaushwa kabisa, kwani tone la maji ndani ya mafuta huyaharibu.

Mafuta ya nazi unaweza kuyapima mwenyewe. Hugandamana yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, ndiyo maana Kisumu hukaa maji na Eldoret alfajiri huwa mawe. Yaweke kwenye friji: yagande yote, meupe. Ikibaki tabaka linaloteleza juu, kuna uwezekano yamechanganywa na mafuta mengine.

Kati ya sabuni ya kipande na ya maji, chukua ya kipande. Haina chupa, haibebi maji barabarani, na hudumu ukiiweka mahali pakavu. Ya kutengenezwa nyumbani kwa njia ya baridi inahitaji wiki 4 hadi 6 kukaa kabla ya kuuzwa, ili ikauke na kuwa laini kwa ngozi. Ikiwa bado ni tepetepe na inawasha, haijaiva.

Sacheti ziepuke kadiri mfuko unavyoruhusu. Hazirejelezwi na ndizo zinazoziba mitaro. Najua wengine hununua kidogo kidogo kwa sababu ndiyo pesa iliyopo, na simlaumu mtu. Kununua kopo moja kubwa pamoja na jirani na kugawana ni njia ambayo huwa inafanya kazi.

Bei ilinganishe kwa gramu. Kopo la gramu 50 kwa shilingi 150 ni shilingi 3 kila gramu. La gramu 200 kwa shilingi 400 ni shilingi 2. Kitu cha haki mara nyingi kinakuwa ghali kwa macho tu.

Kipya chochote kijaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku moja au mbili, ndipo kiende usoni.

Hatua ya 7: Saluni

Nywele za kusukia za viwandani ni plastiki, hasa modakriliki. Zikichomwa hutoa moshi wenye sumu, na zikifagiliwa nje huishia mtaroni. Nunua pakiti unazohitaji tu. Zioshe kabla ya kusukwa. Ukifumua, zilizo nzima ziloweke, zianike na uzitunze, zinatumika tena. Mwambie msusi achovye ncha kwenye maji moto badala ya kuzichoma kwa kiberiti.

Dawa za kulainisha nywele zifikirie mara mbili. Utafiti wa taasisi za afya za Marekani uliochapishwa mwaka 2022 uligundua kwamba wanawake waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiozitumia. Idadi ya walioathirika bado ilikuwa ndogo, na utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Kwangu mimi ilitosha kuziacha nywele zilivyo.

Rangi za kucha: tafuta isiyo na toluene, formaldehyde na dibutyl phthalate. Hapa mimi humfikiria zaidi kijana anayezipaka. Wewe unakaa nusu saa, yeye anavuta mvuke huo kutwa nzima, mara nyingi kwenye kibanda kisicho na dirisha. Kaeni nje, penye upepo. Mlipe bei mliyokubaliana bila kumkatia, na kama una uwezo mnunulie barakoa yenye kichujio cha mkaa. Ile ya kitambaa haizuii mvuke.

Hina ya kijani kibichi ya unga haina shida. Ile nyeusi inayokolea kwa dakika chache mara nyingi imetiwa PPD, kiambato cha rangi ya nywele kinachoweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Usimpake mtoto siku ya arusi.

Hatua ya 8: Chupa ikiisha

Angalia pembetatu chini ya chupa. Namba 1 na 2 ndizo zinazonunuliwa kwa urahisi na wakusanyaji wa plastiki Kisumu na Nakuru. Namba 5, ambayo ni ya vifuniko na makopo mengi ya krimu, inategemea mnunuzi. Namba 7 na tyubu za tabaka nyingi karibu hazina mteja, basi zihesabu ubaya wake siku ya kununua.

Suuza chupa kwa maji kidogo, ng'oa pampu kwa sababu ina springi ya chuma ndani, toa kifuniko ukitenge. Weka kwenye gunia lako mwenyewe badala ya kuchanganya na maganda ya jikoni. Plastiki safi humpa mkusanyaji bei nzuri, na humwepusha kuingiza mikono kwenye uchafu wa jaa kuitafuta. Muulize yule anayepita mtaani kwenu anachukua namba zipi na siku gani. Makopo ya glasi yabaki nyumbani, utayahitaji utakapokwenda kupima shea.